Mke Wangu Ndiye Fundi wa Makabati, Nami Nimemwita Mfagiaji

Mpendwa Mama Carmel,

Naomba unishauri kama unavyowashauri wasomaji wako wengine, na usishangae maneno yangu kukimbizana, maana naandika kwenye simu kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto huku natembea hapa Clairwood, kutoka mlango wa karakana hadi getini na kurudi, malori yananipigia honi, na nikikaa dakika mbili naona kama kiti chenyewe kinanifukuza.

Naitwa Salvator, Mrundi wa Bwiza, nina miaka kumi na mbili hapa Durban, na kazi yangu ni kupaka upya makabati ya jikoni. Watu wakichoka na jiko lao hukimbilia kung'oa kila kitu na kununua makabati mapya ya maranda ya mbao yaliyogandamizwa kwa gundi, ambayo maji yakiingia mara mbili yanavimba kama mkate, na yale ya zamani waliyoyatupa yalikuwa mbao ngumu ya kukaa miaka mingine thelathini. Mimi nafungua milango yote na droo, naandika namba nyuma ya kila mmoja ili urudi mahali pake, naosha mafuta ya miaka, napiga msasa, naziba mashimo, napaka praima, ile rangi ya chini ya kushikia, kisha rangi yenyewe kwa spray, bomba la kunyunyizia, mara mbili, na mwenye nyumba akirudi anadhani ameingia kwa jirani. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha watoto wetu watatu.

Nasema "mimi", Mama, na hapo ndipo uongo wangu unapoanzia. Tangu mwezi wa sita mwaka jana sijapiga rangi hata mlango mmoja wa mteja. Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka, mwanzo kidogo tu, kikombe kikigonga kisosi, baadaye ukawa hautulii kabisa, na spray haitaki mkono wa namna hiyo, ukichelewa mahali pamoja nusu sekunde rangi inatiririka kama machozi. Nilikwenda kliniki, daktari akasema hayo ni mambo ya neva, akanipa barua niende hospitali kubwa wakanipime, ile barua nikaikunja nikaiweka ndani ya Biblia na humo imo hadi leo. Utaniuliza kwa nini sikwenda. Mimi ni mzee wa kanisa, na ni mimi ninayewasema wenzangu kuhusu pombe, sasa mtu akiona mkono wa mwanaume unacheza asubuhi na mapema atafikiri neva?

Mke wangu Lyse ndiye aliyeniokoa. Miaka yote alikuwa ananisaidia kuosha milango na kufunika sakafu kwa plastiki, kumbe anatazama. Siku moja nilipoharibu mlango mmoja mara ya tatu alininyang'anya spray akasema, "Leta hapa, utamaliza rangi yote." Akapiga. Mama Carmel, nilisimama nikautazama ule mlango ukikauka, laini kama ganda la yai, nikafurahi na nikaumia palepale. Tangu siku ile kazi zote ni zake. Mimi naenda kwa mteja, naongea, napima, naonyesha kadi ya rangi, kisha mwenye nyumba akishakwenda kazini Lyse anaingia na ovaroli yangu aliyoikunja miguuni, na jioni anayepongezwa ni mimi. Kanisani wanasema, "Mkono wa Mzee Salvator una upako," na Lyse amekaa kwenye benchi la akina mama anatazama mbele. Hakuwahi kulalamika, aliniambia mara moja tu, "Siku moja utawaambia," nikamjibu ndiyo, siku moja.

Sasa sikia nilichofanya Jumanne iliyopita. Kuna mama mmoja Mkongomani, Marie-Jeanne, ana duka la simu mjini, amenunua flat kule Umbilo yenye jiko la zamani, milango ishirini na miwili na droo sita, mbao nzuri iliyopakwa kahawia ya kutia huzuni. Watu walimwambia ang'oe yote, mimi nikamgongea mlango mmoja kwa kidole asikie mlio wa mbao, nikamwambia, "Mama, hii usiitupe, nipe wiki tatu." Alikubali kwa sababu binti yake anaposwa na wakwe wanakuja nyumbani Jumamosi ya wiki ijayo. Lyse alikuwa amekwisha kumaliza milango tisa hapa karakana, na siku hiyo alikuwa kule kwenye flat anapiga fremu za ukutani, plastiki imefunika kila kitu, yeye juu ya ngazi ndogo na barakoa usoni, mimi nimekaa juu ya ndoo ya rangi.

Mlango ukafunguka, Mama Marie-Jeanne ameingia na dada yake, amesahau sijui karatasi gani. Akasimama, akamtazama Lyse, akanitazama mimi na ndoo yangu, akasema, "Eh, Papa Salvator! Kumbe mama ndiye anapaka?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anacheka. Ningesema ndiyo, yakaisha. Lakini mkono ulianza, nikauficha mfukoni, na mdomo ukasema wenyewe, "Hapana, mama. Huyu ni wa kusafisha tu. Nimemwachia ashike kidogo, mimi nitarekebisha."

Dada yake akauliza, "Ni ndugu yako?"

Nikasema, "Hapana. Ni mtu nimemchukua tu hapa mjini."

Mama Marie-Jeanne akaacha kucheka. Akasema, "Basi asiguse tena. Mi nilitafuta fundi."

Lyse alishuka kwenye ngazi. Alivua barakoa, akaikunja vizuri, akaweka spray chini bila kuitupa. Halafu akachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango akaanza kufagia, pole pole, kona hadi kona, hadi kwenye viatu vya wale akina mama, akasema "samahani" wakanyanyua miguu. Mimi nilikuwa nimeinuka kwenye ndoo, nimesimama natazama.

Njiani hakunitukana. Nyumbani alipika, akasahihisha hesabu za watoto, akaniwekea chakula. Kesho yake asubuhi akavaa vizuri akatoka, nikamuuliza anakwenda wapi, akasema, "Saluni, mjini, wanataka mtu wa usafi. Mimi si wa kusafisha? Nimepata pa kusafisha." Na tangu hapo kila siku anakwenda.

Mimi nimebaki na milango kumi na mitatu na droo sita. Nimejaribu mitatu, yote imetiririka, nimeipiga msasa nikarudia, imetiririka tena. Mama Marie-Jeanne anapiga simu kutwa, jana amesema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Papa Salvator, jiko yangu iko uchi, sufuria zote zinaonekana, wakwe banafika samedi ile ingine, unataka banikute hivi?" Nazima simu, nawasha, nazima tena. Rafiki yangu Séverin, anayeuza makabati mapya, ameniambia njia rahisi ni kumwambia yule mama kwamba nimechunguza nikakuta mbao imeoza, haipokei rangi, anunue mapya kwake, na mimi nitoke bila aibu. Jana nilifika hadi kwenye duka la Mama Marie-Jeanne kumwambia hivyo. Nikamwona anampa mteja chenji, nikageuka. Nikaenda hadi kona, nikarudi, nikageuka tena. Mlinzi akaanza kunitazama vibaya.

Sasa nakuuliza wewe unayejua mioyo ya wanawake: nitumie maneno gani Lyse akubali kurudi kazini amalize hii milango, bila mambo yangu ya mkono kujulikana? Au nimsikilize Séverin? Nijibu haraka, tafadhali. Siwezi kutulia.

Salvator, Clairwood

*

Salvator,

Nimekusoma hapa saluni kwangu nikimsuka mteja, nikamwambia asubiri, nikakusoma tena. Kwanza pole kwa mkono wako. Nasema hivyo mapema, kwa sababu maneno yanayofuata hayatakuwa na pole nyingi.

Umeniuliza maneno gani yatamrudisha Lyse kazini. Barua ndefu yote hii, na hujaniuliza hata mara moja yeye anaumwa wapi. Ulimkana mkeo mbele ya wageni, mara mbili, akiwa amevaa ovaroli yako na anafanya kazi yako, kisha ukasimama ukatazama anafagia. Na leo unachotafuta ni maneno ya kumrudisha kwenye ngazi kabla wakwe wa watu hawajafika. Wewe bwana! Kama ningekuwa jirani yako ningekuja kugonga mlango.

Unaogopa kanisa litasema unakunywa. Huenda watasema. Watu husema. Lakini angalia gharama ya hofu hiyo: mwaka mzima mwanamke ameinama juu ya milango ya watu, anavuta harufu ya rangi, anarudi kupika, na Jumapili anasikia mkono wako unasifiwa. Alikuvumilia kwa sababu ulimwambia siku moja. Jumanne ile ilikuwa ndiyo siku yenyewe, ilikuja na miguu yake, mtu ameuliza kwa kicheko, na wewe ukaifukuza.

Kuhusu Séverin, usirudi kwake. Wewe mwenyewe uligonga ile mbao yule mama akasikia ni nzima. Sasa unataka kumwambia imeoza ili ang'oe jiko zima kwa ajili ya aibu yako? Ukisema uongo huo utaurudia kwa kila mteja atakayekuja. Acha.

Sasa fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu.

Leo Lyse akirudi, mwombe msamaha. Usitaje milango. Usitaje Jumamosi. Usiseme "lakini". Mwambie ulichosema kule jikoni, neno kwa neno, ajue kwamba ulijisikia ukisema. Akinyamaza, mwache anyamaze, usimfuate chumba hadi chumba ukidai jibu, najua watu wa aina yako mnavyoshindwa kutulia.

Kesho mpigie Mama Marie-Jeanne kabla hajakupigia. Mwombe mkutane kwenye flat yake, na dada yake awepo, kwa sababu waliosikia uongo ni wawili. Mwambie fundi ni nani. Lyse akitaka kuja, aje. Asipotaka, nenda peke yako useme vilevile. Na milango ile, kama Lyse hataki kuigusa, tafuta fundi mwingine mwaminifu amalize, mwambie yule mama ukweli, na ukubali hasira yake.

Kisha toa ile karatasi ya daktari ndani ya Biblia uende nayo hospitali. Mkono unaotetemeka unatibiwa na watu waliousomea, haufichwi mfukoni.

Na wazee wenzako kanisani uwaambie wewe, kabla hawajaambiwa na mwingine.

Simama, lakini safari hii simama mahali pamoja.

Mama Carmel

*

Wasomaji wangu, barua hiyo sikuichapa ilipofika. Nilimjibu Salvator kwa simu yake siku ileile, kwa sababu ilikuwa na majina ya watu na haikuwa na muda wa kusubiri. Wiki tano baadaye aliniandikia tena. Leo nazichapa zote kwa ruhusa ya Mama Marie-Jeanne, na kwa sababu Lyse mwenyewe alikuja hapa saluni kwangu, si ile anakosafisha, akasema, "Zichape. Usiondoe jina langu." Hii ndiyo barua ya pili ya Salvator.

*

Mama Carmel,

Nilifanya kama ulivyosema, si vizuri sana, lakini nilifanya. Lyse alikuwa anachagua mchele mezani. Nilimwambia yote, neno kwa neno, na nilipofika pale pa "mtu nimemchukua tu hapa mjini" niliruka neno, nikaanza upya. Yeye aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Alipomaliza akasema, "Kwa hapa umesema. Nataka nikusikie kulekule."

Alhamisi tulikwenda Umbilo wote wawili. Mama Marie-Jeanne alikuwepo na dada yake. Nilitoa mkono mfukoni, nikaunyoosha mbele yao, ukacheza, nikasema, "Mama, huu mkono haushiki spray tangu mwaka jana. Si pombe, ni ugonjwa. Huyu anaitwa Lyse, ni mke wangu wa ndoa. Milango ile tisa iliyokwisha ni yake. Kila jiko ulilosikia watu wakinisifia mwaka huu ni lake. Nilikudanganya na yeye nikamdharau."

Nilidhani ataniuliza habari za kazi. Alinijia juu, akanikaripia. "Kwa hiyo mama wa watu alifagia mbele yangu, na weye ulisimama? Mi nilinyanyua miguu, afagie chini ya miguu yangu! Umenifanya mi niwe mtu wa namna gani?" Dada yake alikuwa anatikisa kichwa tu. Halafu Mama Marie-Jeanne akamgeukia Lyse, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Mama, mi nakuomba pardon. Hauko na deni kwangu. Ukitaka kuacha, acha, nitaweka pazia kwenye yale makabati, wakwe batavumilia."

Lyse alitazama fremu, akapitisha kidole pale alipoachia kazi siku ile. Akasema, "Hapa pamekaa nusu nusu, panatia aibu. Nitamaliza." Kisha akanitazama mimi. "Namba ya simu ya kazi kuanzia leo ni yangu. Na wewe utapiga msasa."

Nikapiga msasa, Mama. Kumbe mkono huu msasa unauweza. Lyse alimwomba ruhusa mwenye saluni ya kule mjini, tukafanya kazi siku zote zile, na kwa unyevu huu wa Durban rangi inakauka inavyotaka yenyewe, kila saa namuuliza, "Imekauka?" ananiambia, "Ukiigusa nitakukata kidole." Ijumaa jioni tulifunga mlango wa mwisho. Lyse alimwambia mwenye nyumba, "Kwa juu rangi imekauka, lakini ndani bado laini. Wiki tatu usibamize, usisugue, futa kwa kitambaa laini tu."

Jumamosi wakwe walikuja. Mimi sikuwepo, Lyse alialikwa, ameniambia kidogo tu. Shangazi wa bwana harusi alizunguka jikoni akifungua kabati moja moja akiuliza yamenunuliwa duka gani, na Mama Marie-Jeanne akamvuta Lyse kutoka sebuleni, na gauni lake la kitenge, akasema, "Duka ni hii hapa." Siku hiyohiyo Lyse alipata kazi ya majiko mawili, moja liko mtaa wa Glenwood.

Hospitali nimekwenda. Wamenipima, wamenipa dawa na tarehe ya kurudi, daktari anasema inaweza kutulia kiasi, hakuniahidi zaidi. Wazee wa kanisa niliwaambia. Wengine walinipa mkono. Mmoja, sitamtaja, aliniuliza kwa sauti ya chini nimeacha kunywa lini. Nilitoka nje nikazunguka uwanja wa kanisa mara nne, nikarudi ndani nikakaa.

Lakini Mama Carmel, bado sina raha. Lyse anafanya kazi na mimi vizuri, ananiambia lete hiki, shika pale. Nyumbani anaongea na watoto, anacheka nao, nikiingia kicheko kinapungua. Analala ameelekea ukutani. Simlaumu. Nataka kujua tu, itachukua muda gani? Kuna kitu kingine nilichosahau kufanya? Niambie nikifanye leo.

Salvator

*

Salvator,

Hakuna ulichosahau. Uliyotakiwa kusema umeyasema, mahali palepale na mbele ya watu walewale, na nakupa heko kwa hilo, maana wanaume wengi huniandikia mara moja tu.

Itachukua muda gani, sijui. Nilimuuliza Lyse alipokuja hapa saluni, akanijibu kwamba hata yeye hajui. Kwa hiyo usimuulize, na usihesabu siku, na usilete zawadi kila Ijumaa ukitazama uso wake kama umebadilika. Umezoea kazi ambayo ukimaliza unaondoa plastiki na kuondoka. Hii utaishi ndani yake.

Jumatatu mnaanza jiko la Glenwood. Mteja akija kusalimia, atampa mkono Lyse kwanza. Wewe kaa na msasa wako. Mwachie.

Mama Carmel